Wamemweka Akiba

Kila Jumamosi asubuhi Msomi aliketi kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, akasugua raba zake kwa mswaki mkuukuu na dawa ya meno. Hazikuwa chafu. Raba ambazo hazijawahi kucheza huchelewa kuchafuka. Alizisugua vivyo hivyo, soli kwanza, halafu pua, halafu mistari ya pembeni, taratibu, kama mtu anayemwogesha mtoto wa kuazima. Akimaliza aliziegemeza ukutani zikauke, akavaa jezi ya chuo ndani ya sweta, akanywa chai amesimama, akatoka. Hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi. Alikuwa anakwenda chuoni, na pale nyumbani ilijulikana kwamba chuoni ndiko riziki yake ilikowekwa.

Jumamosi hii alikuwa kwenye raba ya pili kivuli kilipomwangukia mkononi. Baba yake alikuwa amesimama mlangoni. Alivaa lile koti lake moja la harusi na misiba, mkono wa kulia wa koti ukiwa umefumuliwa mshono ili bandeji ipite.

"Zikikauka tunaondoka," alisema.

"Tunakwenda wapi, baba?"

"Chuoni. Nikawaulize wenyewe."

Mswaki ukasimama juu ya raba. Msomi alifungua mdomo, akaufunga.

"Unasemaje?" baba aliuliza.

"Si kitu."

Baba alikuwa seremala, na wiki hiyo msumeno wa mashine ulikuwa umemla vidole viwili vya mkono wa kulia. Mwenye karakana alikuja hospitali, akatoa pole, akasema mzee apumzike, asiwe na haraka. Kesho yake akamtuma mtu alete sanduku la vifaa vya seremala nyumbani, randa na patasi na vyote. Barua isingesema wazi zaidi. Sanduku liliwekwa chini ya dirisha na hakuna aliyeligusa. Kitinda, mdogo wake Msomi, ambaye hakuna msiba ambao hakuutafutia mzaha, alilitandikia kitambaa akaweka juu yake redio, akasema angalau nyumba imepata meza.

Tangu mama yao alipofariki walikuwa watatu, na wote watatu walikula mkononi mwa baba. Sasa mkono ulikuwa umefungwa. Ilibaki ile akiba.

Neno hilo liliingia nyumbani mwaka wa kwanza wa Msomi chuoni. Alirudi likizo akiwa na jezi ya timu ya mpira wa kikapu, akaikunjua kitandani kama nguo ya bibi harusi, na kwa sauti yake ile ndogo akamwambia baba, "Wameniweka akiba." Baba hakujua lolote kuhusu mpira, aliamini ni kitu cha kuwatoa watoto njiani mwa watu wazima. Lakini akiba aliijua. Karakanani ulipopatikana ubao ulionyooka, usio na kifundo, haukuuzwa wala haukukatwa. Ulipandishwa darini, ukawekwa akiba, ungoje kazi ya maana. Wateja waliutaka wakakataliwa. Basi seremala akaelewa kwamba chuo kimemwona binti yake, kimempandisha darini, na siku ya kazi ya maana kitamshusha. Akatoka nje akawaambia majirani. Akamwambia na dada yake. Tangu siku hiyo kila aliyeuliza habari za Msomi alijibiwa, "Chuo kimemweka akiba."

Msomi alimsikia. Alikuwa dirishani, angeweza kutoka nje akasema, baba, akiba ni yule anayekaa benchi. Alitoka kweli. Baba akageuka, uso wote umefunguka, akamuuliza anasemaje, naye akasema si kitu. Uongo mwingine hauhitaji kusemwa. Unahitaji mtu wa kuunyamazia tu, na Msomi alikuwa hodari wa kunyamaza.

Alipohitimu akakaa nyumbani, seremala hakushangaa. Akiba haiozi, alisema. Shangazi yao, msimamizi katika kiwanda cha mikate, alileta nafasi ya kazi ya kubeba trei, baba akaikataa. Akaileta tena, akaikataa tena, akasema mtu hachongi mpini wa jembe kwa ubao wa akiba. Shangazi, ambaye ulimi wake ulikuwa na meno, alisema miaka yote hiyo binti amesomea kikapu, na sokoni bado wanatumwa wengine.

Lakini jana jioni shangazi alikuja bila mzaha. Kiwanda kilitaka msichana mmoja, na jina lilitakiwa lipelekwe leo. Kama mkubwa ni wa kuwekwa, basi aende mdogo. Kitinda alikuwa amebakiza mwaka mmoja wa sekondari, na darasani hakushikika. Baba aliutazama mkono wake kwa muda, akasema Kitinda aende asubuhi akajaribiwe, na yeye ataenda chuoni. Chuo kikitaja siku ya kumshusha Msomi, hakuna mtoto atakayeacha shule. Kisipotaja, basi.

Msomi alikuwepo. Alikuwa anapanga vikombe. Alivipanga vizuri sana.

* * *

Walitembea kwa miguu. Baba alitangulia, mkono umeinuliwa kifuani kama mtu anayekula kiapo. Walipokuwa wanakaribia, Msomi aliona aibu kwa kitu kimoja ambacho asingeweza kumwambia mtu: moyo wake ulikuwa unafurahi. Alianza kuusikia mpira kabla hawajauona uwanja, ule mdundo mzito juu ya saruji, halafu raba zikilia, halafu kimya kifupi mpira ukiwa hewani. Kile kimya ndicho alichokipenda kuliko vyote. Ndani yake kila kitu kilikuwa bado kinawezekana.

Getini mlinzi alidai kitambulisho. Msomi alitoa cha uanafunzi, mlinzi akakigeuza, akakirudisha kwa ncha za vidole.

"Hiki kimekufa, dada."

"Huyu si mgeni hapa," baba alisema. "Huyu chuo kimemweka akiba."

Mlinzi alimtazama mzee, akatazama bandeji, akaona si mahali pa kubishana. Akaonyesha kwa kidevu. "Watazamaji wanapita kule, mzee. Kwenye lile tundu la ukuta."

Baba alimwambia Msomi kwamba huyo mlinzi lazima ni mpya. Msomi akasema ndiyo. Alikuwa akipita kwenye lile tundu kila Jumamosi tangu ahitimu, na alijua pa kuinama ili nondo isimkwaruze. Baba hakujua. Koti la harusi na misiba likashikwa na nondo begani, likachanika kidogo. Akajipangusa kama hakusikia.

Timu ya wasichana ya chuo ilikuwa inacheza na wageni, na uwanja ulikuwa umejaa. Msomi alimketisha baba kwenye ngazi ya chini, karibu na mstari, kisha mwenyewe akaenda kukaa ukingoni mwa benchi la timu, mahali pake, penye kreti la chupa za maji. Wachezaji walimpisha bila kumtazama, kama watu wanavyompisha paka wa nyumbani. Hawakujua jina lake. Walimwita Chupa.

Alilipenda lile benchi. Watu hudhani anayekaa benchi anateseka kwa kutaka kuingia. Msomi alikuwa na jezi kama wao, aliimba nyimbo zao, alilia waliposhindwa, na jina lake lilisomwa pamoja na ya wengine kabla ya kila mchezo. Na hakuna hata siku moja ambapo mtu alimnyooshea kidole akasema, ni wewe uliyekosa. Anayekaa benchi hajakosa hata goli moja. Alipohitimu alikuta dunia haina mahali kama hapo. Kule nje mtu ama yumo ama hayumo. Aliandika barua za kuomba kazi, nzuri, zenye mwandiko unaosomeka, akaziweka chini ya godoro. Alitaka kuitwa, na alikuwa anaomba asiitwe.

Mapumziko yalipofika aliona koti la baba likivuka mstari. Seremala alikwenda moja kwa moja kwa mwanamume mwenye filimbi shingoni. Akampa mkono wa kushoto, akaomba radhi kwa huo wa kushoto.

"Mwalimu, mimi ndiye baba yake huyu," alisema, na kwa kuwa amezoea kuzungumza kukiwa na mashine, alisema kwa sauti. "Nimekuja kuuliza. Mtamwingiza lini?"

Wanafunzi wa ngazi ya chini walisikia. Mmoja wao, mwenye ngoma, akatazama mzee, akatazama Chupa aliyekumbatia kreti lake, akaona Mungu amemletea burudani ya mapumziko. Akapiga ngoma.

"Mwingize, kocha!"

Wengine wakadaka. Ikapanda ngazi kwa ngazi mpaka juu, kwa makofi na miguu: mwi-ngi-ze, mwi-ngi-ze. Wageni nao, wasiojua chochote, wakaungana. Wachezaji wakafunika nyuso kwa taulo, mabega yakitikisika.

Baba aligeuka polepole akautazama uwanja mzima ukimwitia mtoto wake. Hakuwahi kujua anapendwa kiasi hicho. Uso wake ulifunguka kama siku ile ya jezi. Akainua mkono wa bandeji juu, na kwa ule mzima akaanza kupiga paja lake, mwi-ngi-ze, mwi-ngi-ze, nje kidogo ya mapigo, akicheka, akimtafuta Msomi kwa macho ili wacheke wote.

Msomi alikuwa anatazama raba zake.

Kocha alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililoharibu zaidi. Alitafuta mzaha usoni mwa mzee, akaukosa, akamshika bega akamvuta pembeni, hatua chache tu kutoka kwenye kreti.

"Mzee wangu, huyu alishamaliza chuo."

"Najua. Mahafali nilikuja. Ndiyo maana nauliza, mlimweka akiba."

"Ni kweli, alikuwa akiba. Akiba ni yule anayekaa benchi, mzee. Mwenzake akiumia au akichoka, ndiyo anaingia."

Mkono wa baba ulikuwa bado pajani. "Na yeye aliingia lini?"

Kocha alimtazama Msomi, akimpa nafasi ajibu mwenyewe. Alingoja. Kisha akajibu yeye.

"Hakuwahi. Nilimwita mara moja, fainali ya mwaka wake wa mwisho. Wenzake walikuwa wametolewa kwa faulo, nikabaki na yeye tu benchini. Akasema kifundo cha mguu kinamuuma. Tukamaliza wanne uwanjani." Akaona amesema sana, akajaribu kuziba. "Lakini kwa maji, mzee, sijapata mwingine kama yeye."

Filimbi ikalia, kocha akaenda. Baba alirudi kwenye ngazi, akakaa. Yule wa ngoma alimpisha kwa heshima kubwa ya kejeli, akamwita mzee mwenye timu. Baba akamshukuru.

Mchezo haukuendelea sana kabla msichana mmoja wa chuo hajaanguka chini ya goli. Kocha alipiga kelele bila kugeuka, "Chupa! Maji!" Miguu ya Msomi ikainuka kabla ya kichwa chake. Akakimbia. Alikimbia vizuri, mwepesi, raba nyeupe zikilia juu ya saruji, chupa mbili mkononi, akapiga goti, akamnywesha yule binti aliyekuwa mdogo kwake, akampangusa jasho, akamsemesha mpaka akacheka. Watu wakapiga makofi. Alipokuwa anarudi uso wake ulikuwa na nuru ambayo nyumbani hawakuwahi kuiona, na ilikuwa bado haijazimika alipokutana na macho ya baba yake.

* * *

Walirudi kwa njia ile ile. Baba hakutangulia tena, wala hakubaki nyuma. Walikuwa sambamba kama watu wawili waliokutana barabarani. Walipofika kwenye yadi ya mbao alisimama kwa mazoea, akazitazama.

"Nimetengeneza mabenchi nikakusomesha," alisema, "ukaenda kukalia benchi."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama fundi anayesoma vipimo.

Msomi alianza kueleza. Maneno yalikuwepo, alikuwa nayo tangu mwaka wa kwanza, lakini yalitoka kama pumzi tu.

"Unasemaje?"

"Si kitu, baba."

Baba aliugusa ubao mmoja kwa vidole vilivyobaki. "Watu husema akiba haiozi. Ni kweli, ubao hauozi kule darini. Lakini ukisahauliwa sana unapinda. Ukishapinda, hata benchi haufai." Akaendelea kutembea.

* * *

Nyumbani walimkuta shangazi kwenye kiti chenye mgongo, na Kitinda amesimama, amevaa aproni nyeupe ya kiwanda iliyomfika miguuni. Alikuwa na unga hadi kwenye nyusi. Kwenye kiganja, upande wa ndani, trei ya moto ilikuwa imemwachia mstari mwekundu, naye aliuficha kwa kukunja mkono. Sare yake ya shule ilikuwa tayari imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki, miguuni pa shangazi. Angepewa mtoto wa jirani aliyelingana naye kimo.

"Shikamoo baba," Kitinda alisema. "Dada, wamekwambia ni lini? Niambie haraka, maana mimi nimeshajua kubeba trei mbili. Kesho watanifanya mkurugenzi."

Wote wakamtazama baba. Seremala alivua koti, akachukua muda mrefu kutoa mkono wenye bandeji. Kisha akasema, akiutazama ukuta, kwamba wamempokea vizuri. Kwamba binti anajulikana pale, uwanja mzima ulimwita. Kwamba mambo yako mbioni, wameomba wapewe muda kidogo.

Alikuwa hajawahi kudanganya ndani ya nyumba ile, na hakujua namna yake. Alidanganya kama mtu anayeshika nyundo kwa mkono wa kushoto.

"Mbioni," shangazi alisema. "Basi mambo yana mbio kumshinda yeye." Akamgeukia Msomi, akampima kuanzia jezi hadi raba. "Mficha uchi hazai, mama. Lakini mimi sikuja kugombana. Jioni hii napeleka jina, jina moja, na likishaandikwa halifutwi, mwenye kiwanda hana subira na wanaobadilika. Kitinda wamempenda. Mkubwa akae darini, mdogo aingie kazini. Au kuna mwenye neno?"

Kitinda akacheka. Akasema ni afadhali, maana hesabu zilikuwa zinamtoa mvi, na sasa atakula mkate wa moto kila siku mpaka apasuke. Alicheka sana, kuliko mzaha wenyewe ulivyostahili, na alipomaliza kulikuwa na michirizi miwili iliyopita kwenye unga wa mashavu. Akaifuta kwa aproni.

Shangazi akainama, akaokota mfuko wa sare.

Msomi alikuwa bado mlangoni. Aliutazama ule mfuko ukiinuka. Akasikia, kama anavyousikia mpira, kile kimya kifupi ambamo kila kitu bado kinawezekana, na kwa mara ya kwanza hakukipenda. Akaiona tena fainali ile: kocha amesimama mbele yake, wenzake wametolewa, ngazi zote zimenyamaza, mkono wa kocha umenyooshwa kwake. Msomi alisema kitu. Alikisema chini, akiziambia raba.

"Unasemaje?" baba aliuliza. Aliuliza amechoka, macho bado ukutani, kama anayejua jibu.

Nalo jibu lilikuwepo, lile la siku zote. Lilikuja lenyewe, likakaa ulimini, safi, jeupe, tayari. Shangazi alikuwa ameshauweka mfuko kwapani. Mkono wa Kitinda ulikuwa umekwenda mgongoni, kwenye fundo la aproni, ukabaki hapo bila kulifungua.

Msomi akainua kichwa.

"Nimesema kifundo hakikuwa kinauma, baba. Niliogopa tu. Mtoeni Kitinda, niingizeni mimi."